Nyuma ya Amplifaya ya Baba

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya amplifaya, tochi mdomoni, nikitafuta spika nyuma ya kitambaa. Kitambaa chenyewe ni kizito, cha rangi ya kahawia, na ukikitazama hivi hivi huoni kitu. Lakini ukiulaza mwanga ubavuni, spika inajitokeza yenyewe: kwanza pete ya chuma, halafu karatasi iliyokunjwa kama sketi, halafu katikati kifuniko kidogo kilichotuna kama kitovu.

Niliweka alama mbili kwa chaki. Ya kwanza katikati ya kitovu. Ya pili pembeni kidogo, pale kifuniko kinapokutana na karatasi. Ukiielekeza maiki katikati, sauti inakuja kali, inakata. Ukiisogeza pembeni vidole viwili tu, inalainika. Vidole viwili vinatosha kubadilisha gitaa likawa gitaa jingine.

Mama alikuwa amenishikia ncha ya uzi. Ulikuwa uzi wa sufu, wa sweta aliyokuwa akifuma, nami niliutumia kupima kutoka kwenye kitambaa hadi kwenye mdomo wa maiki. Aliniuliza kama nikimaliza atarudishiwa uzi wake. Nikasema atarudishiwa. Akasema baba naye alikuwa akisema hivyo hivyo, kisha akanionyesha kwa kidole mahali ambapo karatasi ya spika ilichanika zamani ikazibwa kwa rangi ya kucha. Nyekundu. Chupa nzima iliishia pale.

"Ndiyo zawadi pekee ya urembo aliyowahi kuninunulia," alisema, "na akampaka huyo."

Kaka hakucheka. Alikuwa amekaa karibu na mlango, gitaa mapajani, akivikunja na kuvikunjua vidole vyake. Ni dereva wa winchi, huko mbali anakofanyia kazi, na vidole vya winchi havipendi nyuzi za gitaa. Kwa siku tatu alikuwa akifanya mazoezi bila amplifaya, kimya kimya, mpaka ncha za vidole zikaota sugu mpya.

Kazi yote hii ya tochi na uzi niliifanya amplifaya ikiwa imezimwa, na hapo ndipo penye shida yetu. Kwa kawaida maiki huwekwa kwa sikio. Mtu anapiga, wewe umevaa spika za masikioni, unasogeza kidogo, unasikiliza, unasogeza tena, hata saa nzima ikipita si neno. Amplifaya hii haikuwa na saa nzima ya kutupa. Fundi redio, aliyeijenga pamoja na baba walipokuwa vijana, aliifungua siku ya Jumatatu, akainusa, akaifunga. Alisema transfoma yake inaungua kwa ndani, uzi mmoja baada ya mwingine.

"Dakika kumi," akaniambia. "Halafu zima, mpumzishe nusu saa. Ukisikia harufu kabla ya hapo, zima papo hapo. Usimalize wimbo."

Nilimwuliza kama transfoma haiwezi kusukwa upya. Akasema inawezekana, na Alhamisi saa tisa mchana angekuja kuichukua aisuke. Ila nisijidanganye. Ikitoka kwake itaimba, na itaimba vizuri, lakini itaimba kwa sauti ya mtu mwingine.

Leo ilikuwa Jumatano.

Ni lazima niseme kuhusu kanda, maana bila hiyo haya mengine hayaeleweki. Baba alikuwa na wimbo mmoja usio na maneno. Aliupiga kila onyesho, mwishoni, wenzake wote wa bendi wakiwa wamenyamaza, na hakuwahi kuingia nao studio. Ulirekodiwa mara moja tu, kwenye kanda, na kanda ile niliifuta mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nilitaka kujua sauti yangu ikisoma habari ingekuwaje, nikachukua kanda ya kwanza iliyokuwa juu mezani. Baba hakunigombeza. Alisikiliza taarifa yangu ya habari mpaka mwisho, kisha akasema nilikuwa nimekaa mbali mno na maiki. Aliyegomba ni kaka. Alikuwa na miaka kumi na sita, na tangu siku ile aliniita Kifutio. Hata kwenye simu, hata mbele ya watu.

Baba alifariki mwaka juzi. Wimbo umebaki kwenye vidole vya kaka peke yake, na sauti yake imebaki kwenye amplifaya hii peke yake. Kaka alikuwa na basi la Ijumaa alfajiri. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwa chumbani.

Chumba chenyewe ni cha nyuma ya duka lililokuwa la cherehani. Nimeegemeza magodoro kwenye kuta mbili na kutundika mablanketi kwenye ya tatu. Ukuta wa nne tumeungana na seremala, na yeye ana msumeno wa umeme ambao ukianza, taa zangu hufifia na meza yangu hutetemeka. Nilimwomba kimya cha saa moja, kuanzia saa saba. Alikubali bila taabu. Ndiyo saa yake ya kula na kujilaza juu ya maranda.

Maiki zangu ni tatu, na kila moja ina jina nililoipa mwenyewe, maana sikupata mwalimu wa kunifundisha majina mengine. Ya kwanza ni Nyundo. Ni ya chuma, imeanguka mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na haiogopi kelele yoyote. Ya pili ni Mbea, kwa sababu husikia kila kitu na kukileta: sindano za mama, maji kwenye bomba, mtu anayepita nje. Ya tatu ni Bibi. Ndani yake mna utepe wa bati mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na ukiipulizia tu kwa mdomo unaweza kumwua. Naihifadhi ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo.

Kinasa sauti changu ni cha njia moja, kama vile walivyokuwa wakitembea navyo watangazaji. Nikitumia maiki mbili, huchanganyika kwenye kisanduku kidogo chenye vifundo vya kupandisha na kushusha sauti kabla ya kufika kwenye kanda. Zikishachanganyika hazitenganiki tena, kama chai na maziwa.

Saa saba na dakika tano, msumeno ulinyamaza. Nikabonyeza swichi.

Amplifaya ya baba haiamki mara moja. Taa zake za kioo, zile ambazo mafundi wa zamani huziita vali, huwaka polepole kama makaa, na kwa dakika nzima husikii kitu. Halafu unakuja mvumo wa chini, ambao huusikii kwa masikio bali kwa magoti. Mama aliposikia ule mvumo, aliweka sindano zake chini.

Nilianza na Nyundo kwenye alama ya pembeni. Kaka akapiga mwanzo wa wimbo. Nilivaa spika za masikioni, nikafumba macho, na kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha. Ilikuwa ile ile niliyokuwa nikiisikia utotoni, nikiwa nimesimama na mama mlangoni mwa ukumbi, yeye akikata tiketi.

"Ndiyo huyo," mama akasema nilipompa naye asikilize.

Kaka alikuwa na spika zake za masikioni, nilizounga kwenye kisanduku ili asikie tunachorekodi. Akazima nyuzi kwa kiganja. "Siyo."

Sikubishana. Nikasogeza Nyundo katikati. Akapiga. Akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi. Nikaondoa Nyundo nikamleta Mbea, hatua moja nyuma, ili tupate na hewa ya chumba. Tukapata hewa ya chumba, na sindano za mama, aliyekuwa amezishika tena, na sauti nyingine nzito iliyopanda na kushuka, ambayo kwa muda sikuitambua, nikampa mama asikilize.

"Huyo ni seremala," mama akasema. "Anakoroma kwa kufuata mpigo."

Kaka hakucheka hata hapo. Saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha dakika ya nane. Nilimrudisha Nyundo kwenye alama ya pembeni, nikamrudisha nyuma kiganja kimoja, nikamwomba ajaribu tena. Akapiga mistari miwili, akasimama, akavua spika za masikioni na kuzitundika shingoni.

"Kifutio," akasema, "hivi wewe sauti ya baba unaijua kweli?"

Dakika ya tisa. Nikazima.

Nusu saa ya kupumzisha ilikuwa ndefu. Kaka alisimama dirishani. Mama alihesabu vifundo vya sweta kwa midomo bila kutoa sauti. Mimi nilifungua daftari nikaandika nilichofanya: maiki ipi, alama ipi, umbali gani, nani alisema nini. Huwa naandika hata kazi ikiharibika, hasa ikiharibika. Nilipomaliza niliona kwamba kwenye ukurasa mmoja, kwa maiki ile ile na alama ile ile, mama alisema ndiyo na kaka alisema siyo.

Jambo la kwanza lililonijia ni kutafuta nani amesahau. Mama ana umri. Kaka ana hasira. Yeyote kati yao ungeweza kumshuku. Nikajizuia. Nimejifunza kazi hii kwa kukosea, na makosa yangu mengi yalianza pale nilipoamua mapema.

Kwa hiyo nilimwuliza kaka, taratibu, ile sauti inakosa nini. Akasema haikosi kitu, ina kitu cha ziada. Ina meno. Ya baba haikuwa na meno. Ilikuwa kama mtu anayeongea chumba cha pili, usisikie maneno lakini ujue anakutaja wewe. Mama akamkatiza. Akasema meno ilikuwa nayo, tena ya kutosha, ilikuwa ikimfikia mlangoni ikipita kati ya watu mia mbili wanaopiga kelele. Kaka akasema mama asimfundishe sauti aliyokulia. Mama akasema yeye aliolewa na sauti ile kabla kaka hajazaliwa. Wakatazamana, kisha wote wawili wakanitazama mimi, kama kwamba ninayo mizani.

Nikauliza lile ambalo ningepaswa kuliuliza asubuhi.

"Kaka, kwenye maonyesho ulikuwa unakaa wapi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Akasema si ninajua, alikuwa na kazi yake. Tangu ana miaka sita baba alimkalisha kwenye kreti ya soda nyuma ya amplifaya, mkono kwenye waya wa umeme, aangalie taa. Moja ikiwaka nyekundu kupita kiasi, achomoe. Kila onyesho, miaka kumi, mpaka bendi ilipovunjika.

"Na ile kanda?"

"Niliirekodi mimi. Kinasa kilikuwa mapajani mwangu."

Alipomaliza kusema hivyo aliitazama amplifaya, kisha akaizunguka polepole mpaka upande wa nyuma na kusimama hapo. Mbele ni kitambaa na urembo. Nyuma ni ubao uliokatwa nusu, na ndani yake giza, taa, waya, na mgongo wa spika ukiwa wazi. Sauti hutoka huko pia, nzito, ya mviringo, bila makali. Katika maisha yake yote kaka hakuwahi kukaa mbele. Na mimi na mama hatukuwahi kukaa nyuma.

Mama alijifunga uzi kidoleni, akaufungua.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili ndani ya ile nusu saa. Nilimtoa Bibi kwenye kopo, kutoka kwenye soksi, nikimkinga kwa kiganja kama mtu anayevuka uwanja na kibiriti kilichowaka. Nikaomba kreti. Tulikuwa nayo moja, ninaiwekea nyaya. Kaka akaitoa nyaya, akaiweka nyuma ya amplifaya, akaisogeza, akaisogeza tena, akakaa. Nikamwambia ainame mpaka kichwa kifike kilipokuwa akiwa na miaka kumi. Akainama, magoti karibu na kidevu, mzee mzima mwenye mvi mbili tatu, na mkono wake wa kulia ukajinyosha wenyewe kuelekea kwenye waya wa umeme.

Nilichukua uzi wa mama nikapima kutoka sikio lake hadi ubao. Nilipoinuka na kumwondoa kaka, Bibi akasimama kwenye stendi mahali pale pale palipokuwa na sikio.

Saa nane kasorobo, nikabonyeza swichi. Nikawasha na kinasa, maana huwezi jua.

Mvumo ukaja. Kaka akakaa na gitaa, akavaa spika za masikioni, akapiga mstari wa kwanza. Akapiga wa pili. Halafu vidole vyake vikaachia nyuzi na sauti ikazimika taratibu yenyewe. Hakusema ndiyo. Alikuwa anatazama sakafu.

Mama aliniomba spika za masikioni. Kaka akarudia mstari mmoja. Mama akasikiliza kichwa kikiwa upande, kama anayesikiliza kupitia ukuta.

"Huyo ni baba yenu," akakubali, "akiwa amejifungia bafuni."

Basi nikaamua. Sikutaka mmoja wao aondoke na nusu. Nyundo alikuwa bado mbele, kwenye alama yake ya chaki, waya wake ukiwa umeshaunganishwa. Kwenye kisanduku kuna vifundo viwili. Nikamwambia kaka apige wote, mwanzo mpaka mwisho, tunarekodi. Alikuwa ameshaanza kabla sijamaliza kusema.

Alipiga vile ambavyo hakuwa amepiga siku zote tatu. Macho amefumba, bega la kushoto limeshuka kama la baba. Nikakiacha kifundo cha Bibi kilipo, nikakipandisha cha Nyundo polepole, nikitegemea zile sauti mbili zikutane zitengeneze mtu mmoja kamili.

Zilipokutana, sauti ilikonda.

Sikuelewa mara moja. Nikapandisha zaidi, ikakonda zaidi. Uzito wote wa nyuma ulikwenda, ukabaki mkwaruzo mwembamba kama redio ya betri zilizokwisha. Maiki zote mbili zilikuwa nzima. Waya zote zilikuwa nzima. Ndipo nilipokumbuka kitu ambacho nimekijua miaka ishirini na sikuwahi kukihitaji, kwa sababu sijawahi kurekodi amplifaya kutoka nyuma: karatasi ya spika ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta. Nyundo na Bibi walikuwa wanasikia kitu kile kile kinyume, na kwenye kisanduku walikuwa wanafutana.

Nikanyosha mkono nimshushe Nyundo. Kabla sijafika, harufu ikanifikia.

Ni harufu ya vanishi ya moto, na chini yake kitu kama nywele zilizoungua. Saa ilionyesha dakika ya sita. Kaka alikuwa ameingia sehemu ya tatu ya wimbo, ile inayopanda, na hakusikia harufu wala hakusikia kitu kingine chochote. Ilibaki labda dakika moja na nusu afike mwisho. Mama aliinua uso. Yeye alikuwa ameinusa pia. Tukaangaliana, na nadhani kama angetikisa kichwa ningeacha. Hakutikisa.

Usimalize wimbo.

Nikachomoa waya ukutani.

Gitaa likabaki likilia peke yake, kavu, sauti ya nyuzi tu, kama mtu anayeongea akidhani simu bado haijakatika. Kaka akapiga noti tatu nne zaidi. Kisha akafumbua macho, akauona waya mkononi mwangu.

"Umefuta tena," akasema. Alisema kwa sauti ya chini kabisa. Afadhali angepiga kelele.

Nilifungua dirisha. Nilizunguka nyuma nikamulika ndani kwa tochi: hakukuwa na moshi, hakukuwa na mwali, taa zilikuwa zikififia zikirudi rangi yake. Nikampigia simu Fundi. Aliuliza maswali mawili, kama kuna moshi na kama transfoma inashikika. Niliweka kiganja. Ilikuwa ya moto sana lakini ilishikika.

"Basi hajafa," akasema. "Leo usimguse. Kesho nadhani atakupa safari moja. Nadhani, sijaapa."

Saa nane kamili msumeno wa seremala ukaanza, na taa zangu zikafifia.

Kaka alikuwa anaweka gitaa kwenye mfuko wake. Nikamwomba asikilize kanda kwanza. Alisikiliza amesimama. Ilipofika pale sauti inapokonda, akakunja uso, akauliza kama kinasa nacho kimeharibika. Nilijaribu kumweleza kwa maneno, maneno hayakutosha. Nikamwita mlangoni. Mlango wa chumba kile unafunguka pande zote mbili, fundi aliyeuweka hakujali. Nikasimama ndani, kaka nikamweka nje.

"Sukuma," nikamwambia.

Akasukuma, nami nikasukuma. Ana mikono ya winchi, lakini nilikuwa nimeegemeza mgongo, na mlango ukatulia katikati ukitetemeka. Kila mmoja alikuwa anahema. Mlango hauendi popote.

"Ndivyo walivyofanya Nyundo na Bibi," nikasema kupitia ubao. "Sasa mimi nasukuma, wewe vuta."

Mlango ukafunguka kwa kishindo nikatokea nao nje, nusura nimwangukie. Mama akatuambia kutoka ndani kwamba tutavunja mlango wa watu kwa umri wetu huu. Kaka alinishika bega nisianguke, na mkono wake ulikaa hapo kidogo.

"Kwa hiyo mmoja ageuzwe," akasema.

Mashine kubwa zina kitufe cha kugeuza. Yangu haina. Lakini ndani ya waya wa maiki kuna nyuzi mbili zinazobeba sauti, na ukizibadilishana nafasi upande mmoja tu, kilichokuwa kinasukuma kinavuta. Niliwasha chuma cha kulehemu, nikafungua kichwa cha waya wa Bibi. Kaka alishika tochi kwa meno, kama nilivyokuwa nimeishika mimi asubuhi. Nikaachanisha nyuzi, nikazigeuza, nikaziyeyushia risasi. Msumeno wa seremala ulikuwa unatikisa meza, kwa hiyo niligusa pale tu alipokuwa akibadilisha ubao. Kazi ya dakika tano ilichukua zaidi ya nusu saa.

Ilibidi nijaribu bila amplifaya. Niliwaweka Nyundo na Bibi mbele ya mama, bega kwa bega. Nyuzi zikiwa zimegeuka kweli, sauti ya mama, inayowafikia wote kutoka upande mmoja, ndiyo inapaswa sasa kukonda. Nikamwambia aseme chochote, asimpulizie Bibi.

"Nataka uzi wangu," akasema.

Kwenye spika za masikioni ilitoka nyembamba kama ya mbu. Nikampa kaka asikilize. Kwa mara ya kwanza tangu afike, alicheka.

Halafu akaniomba nirudishe kanda mwanzo kabisa. Pale mwanzoni, kabla sijampandisha Nyundo, kulikuwa na ile mistari miwili aliyoipiga yeye, Bibi peke yake akiisikia. Sekunde kumi na tano, labda kumi na saba. Akazisikiliza mara tatu, amekunja miguu juu ya kiti. Sikumwuliza anasikia nini.

Alipomaliza alitoa kanda mwenyewe. Akachukua bisibisi yangu ndogo, akavunja meno mawili yaliyo mgongoni mwa kanda, yale ambayo yakivunjwa hakuna mashine inayoweza kurekodi tena juu yake. Vipande viwili vya plastiki vikaruka vikaenda chini ya meza.

"Kesho tumia kanda nyingine," akasema.

Tulianza kupanga. Nilizungushia chaki miguu yote ya stendi, na miguu ya kiti kilichobeba amplifaya, hata kiti cha kaka. Uzi wa kupimia niliufunga kutoka ubao hadi kwenye shingo ya stendi ya Bibi, ili mtu akiupiga kikumbo usiku tujue. Nikamfunika Bibi kwa soksi bila kumhamisha. Katika daftari niliandika Alhamisi, saa saba na dakika tano, na nikaacha ukurasa mzima wazi.

Kaka aliuliza jambo moja nililokuwa sijalifikiria. Kesho yeye atakuwa anapiga na mimi nitakuwa kwenye vifundo. Nani atakaa nyuma kuangalia taa? Leo nilichomoa waya kwa sababu harufu ilinifikia. Kesho, akasema, harufu inaweza kuchelewa.

Mama alikuwa ameshaanza kukusanya sufu yake. Akaiweka juu ya meza, akaja akaizunguka amplifaya kwa uangalifu, akiruka mistari ya chaki, akashusha nguo zake vizuri na kukaa kwenye kreti. Kaka alimwonyesha taa ipi ndiyo mkaidi, na mahali pa kuweka mkono kwenye waya. Akamwambia rangi ya kawaida ni kama chungwa bivu. Ikipita hapo asisubiri mtu.

"Hata kama wimbo haujaisha?" mama akauliza.

Kaka aliuvuta waya ukamfikia mama vizuri mkononi. "Hata kama."

Mama akatia mkono ndani, nyuma ya ubao, akaushikilia pale.

"Bado ana joto," akasema.